Taa Haina Kosa

Kwenye dashibodi ya karibu kila gari linalopita katika barabara zetu kuna taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini. Mafundi wetu huiita taa ya cheki injini. Inapowaka inasema jambo moja tu: kompyuta ya gari imepima kitu, na kipimo hicho hakilingani na kile kinachotarajiwa. Haisemi ni kifaa gani kimeharibika. Haisemi alaumiwe nani. Haisemi tununue nini. Hayo matatu yameachwa kwa binadamu, na binadamu hawezi kuyajibu asipokubali kusoma.

Nimeona niandike kuhusu taa hii ingawa mimi si fundi. Kazi yangu ni kufundisha chuo kikuu, na wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikijadili Katiba, bajeti, ajira za vijana na mengineyo ya namna hiyo. Lakini majuma machache niliyoyatumia nyuma ya nyumba yangu, boneti ikiwa wazi na simu ikiwa mkononi, yamenipa mfano ambao sikuwahi kuupata darasani. Ni mfano wa jinsi jamii inavyohusiana na taarifa zake yenyewe. Nitaanza na gari, kwa kuwa asiyeelewa gari hatauelewa mfano.

Gari lenyewe ni dogo, la petroli, lililokwisha kutumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu. Ndilo linalompeleka mke wangu kazini na watoto shuleni. Taa iliwaka tukitoka Morogoro, tulipokwisha kuipita Chalinze. Gari halikupoteza nguvu wala halikutoa moshi. Ila tulipofika kwenye foleni ya Kimara na kusimama, injini ilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa, na tulipoondoka ikatulia.

Kesho yake nilikwenda kwenye gereji moja mjini. Kijana alichomeka mashine yake chini ya usukani, akaitazama kwa nusu dakika, akasema, “Mwalimu, hii ni sensa ya oksijeni. Imekufa.” Bei ya sensa mpya ilikuwa shilingi 480,000, na ufundi 50,000. Nilimwuliza mashine imetoa namba gani. Akakigeuza kioo upande wake. “Hizi namba ni za kitaalamu, mwalimu,” alisema kwa upole. “Zitakuchanganya tu.” Nikalipa shilingi 30,000 za kupimiwa, nikaondoka bila namba.

Sikumkasirikia yule kijana. Nilichokisikia katika kauli yake nimekisikia mara nyingi katika ofisi ambazo hazihusiani kabisa na magari. Mwananchi anauliza kwa nini mradi umesimama, anaambiwa mambo hayo ni ya kitaalamu. Mkulima anauliza bei ya mazao yake imefikiwaje, anaambiwa kuna kanuni. Katika nchi yetu mtu anaweza kulipia kipimo, akapewa hukumu, na akanyimwa kipimo chenyewe.

Nyumbani kwangu anaishi mpwa wangu. Alisomea ufundi wa magari, kisha akakaa miaka mitatu katika gereji akiwa saidia fundi. Katika miaka hiyo aliosha vipuri, alishika tochi, alinunua chai na maandazi ya mafundi wakubwa. Mashine ya kupimia magari ilikuwa ya bosi, na ilikaa kabatini chini ya kufuli. Ilipotolewa, wasaidizi walitumwa dukani. Siku moja aliniambia kwamba alijua kufungua injini nzima na kuirudisha, lakini hakuwahi kuona kwa macho yake kile ambacho injini ilikuwa ikisema kabla ya kufunguliwa. Alipoacha kazi ile, akiba yake ya kwanza aliitumia kununua kifaa kidogo cha aina ya ELM327, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kwa shilingi 25,000. Kifaa hicho huchomekwa kwenye gari na kuzungumza na simu bila waya.

Nilipomsimulia habari za sensa, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mjomba, tusome kwanza. Kununua kupo tu.”

Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna tundu lenye matundu madogo 16. Alikichomeka kifaa chake humo, akawasha swichi bila kuwasha injini, akafungua programu kwenye simu. Kwenye kioo ikatokea ile namba niliyonyimwa: P0171.

Namba hizi si uchawi. Zina sarufi, na sarufi hiyo inajifunzwa kwa dakika kumi. Herufi ya mwanzo inataja sehemu ya gari: P ni injini na mitambo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, B ni bodi, C ni chesisi pamoja na breki, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, namba hiyo ina maana moja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, kwa kawaida ni namba ya mtengenezaji mwenyewe. Tarakimu inayofuata inataja mfumo: 1 ni kipimo cha hewa na mafuta, 3 ni uwashaji, 4 ni usafishaji wa moshi, 7 ni giaboksi. Mbili za mwisho zinataja kasoro yenyewe. Kwa mfano, P0301 ina maana kwamba silinda ya kwanza inakosa kuchoma. P0171 ina maana kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli ni mwembamba mno: hewa imezidi, au petroli imepungua.

Nilimwuliza mpwa wangu sensa ya oksijeni inaingiaje hapo. Akanieleza kwa utulivu wa mtu aliyesubiri miaka mitatu kuulizwa swali hilo. Ili kilo 1 ya petroli iungue sawasawa, inahitaji takribani kilo 14.7 za hewa. Ndani ya bomba la moshi kuna sensa inayonusa oksijeni iliyobaki baada ya mwako. Ikikuta oksijeni nyingi, inaiarifu kompyuta, na kompyuta inaongeza petroli. Ikikuta kidogo, kompyuta inapunguza. Marekebisho hayo hufanyika mfululizo, na ukubwa wake huandikwa kwa asilimia. Gari lenye afya huwa karibu na sifuri, likipanda au kushuka bila kuvuka sana asilimia 10. Gari letu lilikuwa likiongeza petroli kwa asilimia 29, na bado sensa ilikuwa ikilalamika kwamba hewa imezidi.

Kwa maneno mengine, sensa ilikuwa hai na ilikuwa ikifanya kazi yake. Ilichokuwa ikikisema kilikuwa kweli. Kama tungeitoa na kuweka mpya, ile mpya ingetoa habari ile ile, na shilingi 530,000 zingekuwa zimetumika kumwadhibu mtoa habari.

Pamoja na namba, kompyuta ya gari huhifadhi picha ya tukio: hali ya injini katika dakika ambayo kasoro iliandikwa. Picha yetu ilionyesha joto la nyuzi 88, mwendo wa gari sifuri, na mizunguko ya injini 700 kwa dakika. Kasoro ilikuwa imeonekana gari likiwa limesimama. Hapo ndipo utetemekaji wa Kimara ulipoanza kupata maana.

Kuanzia hapo hatukukisia tena, tulijaribu. Aliwasha injini, ikapata joto, akaitazama ile asilimia injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta: 29. Kisha akaniomba nikanyage mpaka mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo. Asilimia ikaanza kushuka, ikafika 6. Akatabasamu. Kama pampu ya petroli ingekuwa imechoka au chujio limeziba, alisema, hali ingekuwa mbaya zaidi injini inapodai mafuta mengi. Kama hali ni mbaya gari likiwa limetulia na inapona injini inapokwenda mbio, basi kuna tundu linaloingiza hewa kwa mlango wa nyuma. Injini iliyotulia huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya ile inayoingia. Inapokwenda mbio huvuta hewa nyingi, na ule wizi hauonekani sana.

Tulizima muziki wa jirani kwa kumwomba kwa adabu, tukasikiliza. Kulikuwa na mluzi mwembamba nyuma ya injini. Kuna mpira, wenye unene wa kidole gumba, unaorudisha mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini kwenye njia ya hewa ili uchomwe badala ya kutupwa nje. Mpwa wangu aliufunika kwa kitambaa, akaubana kwa koleo karibu na injini. Mluzi ukakoma, na injini ikatulia. Alipoachia, homa ikarudi. Tulipoutoa mpira ule injini ikiwa imepoa, tulikuta chini yake, kwenye kona ambayo macho hayafiki, ufa wenye urefu wa sentimita tatu.

Mpira mpya ulipatikana Kariakoo kwa shilingi 15,000, pamoja na klipu mbili. Kuufunga kulichukua dakika ishirini. Kifaa kile kina kitufe cha kufuta namba, lakini mpwa wangu alikataa kukigusa. Alitaka gari lenyewe litoe ushahidi. Kompyuta huizima taa yenyewe baada ya kupima tena na tena, safari baada ya safari, na kutoikuta kasoro. Mke wangu aliendelea kwenda kazini. Siku ya tano alinipigia simu kuniambia kwamba taa haipo tena. Jioni tuliangalia asilimia: 2.

Sasa tujiulize: ilikuwaje kijana asiye na gereji, mwenye kifaa cha shilingi 25,000, akaweza kuisoma kompyuta ya gari lililotengenezwa ng'ambo? Watu wengi hudhani kwamba teknolojia imekua tu, kama mti unavyokua. Jibu lake ni la kisiasa.

Mwezi Julai 1943 jiji la Los Angeles nchini Marekani lilifunikwa na moshi uliowachoma watu macho na koo. Ilikuwa wakati wa vita, na wapo waliodhani kwamba Wajapani wameshambulia kwa gesi. Wakuu wa jiji walikilaumu kiwanda kimoja kilichotengeneza malighafi ya mpira, kikafungwa kwa muda, na moshi ukaendelea. Mapema katika miaka ya 1950 mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza ladha ya mananasi, alionyesha kwamba moshi ule ulitokana na mvuke wa petroli na gesi za magari zilizopikwa na jua. Alipingwa sana na wenye viwanda. Lakini kipimo kilikuwa kipimo, na jimbo la California hatimaye liliunda bodi ya kusimamia hewa mwaka 1967, yeye akiwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Bodi hiyo ndiyo iliyoamuru magari mapya yanayouzwa California, kuanzia yale ya mwaka 1988, yawe na uwezo wa kujipima na kumwarifu dereva. Mwanzoni kila kampuni ilikuwa na tundu lake na lugha yake, na aliyetaka kusoma alilazimika kwenda kwa muuzaji. Ndipo ukaja utaratibu wa pili: tundu la aina moja, namba za aina moja, na chombo chochote cha kawaida kiweze kusoma. Tangu magari ya mwaka 1996 utaratibu huo ni wa lazima Marekani nzima, na Ulaya ikaulazimisha kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Taa ile ya manjano, kwa hiyo, haikuwekwa ili kumsaidia fundi kuuza spea. Iliwekwa na sheria ili kulinda hewa ambayo watu wote wanaivuta, na namba zake zikawa mali ya umma kwa sababu umma ulidai.

Madai hayo hayajaisha. Mwezi Novemba 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliidhinisha kwamba watengenezaji wawape wenye magari na mafundi huru taarifa zile zile wanazowapa mawakala wao. Mwaka 2020 walipiga kura tena, safari hii kuhusu taarifa zinazorushwa na magari ya kisasa bila waya. Sisi tunaonufaika na madai ya wengine hatuna budi kujua kwamba hatujanufaika kikamilifu. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, hasa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yana tundu lenye umbo lile lile lakini hayazungumzi lugha ile ya wote, na vifaa vya bei nafuu huambulia kimya. Mkataba uliofikiwa kwingine haukuwa na lazima ya kutukumbuka sisi tunaoyarithi magari hayo.

Ukiwa na lugha ya kusoma, yapo mambo mawili ambayo watu huyafanya badala ya kusoma, na yote mawili nimeyaona hapa kwetu. La kwanza ni kuinyamazisha taa. Wapo wanaobandika kipande cha utepe mweusi juu yake, na wapo wanaoing'oa balbu kabisa. Ukinunua gari, geuza swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini sharti iwake kwa wakati huo, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, gari hilo limezibwa mdomo. Wapo pia wanaofuta namba asubuhi ya siku ya kuuza. Hao nao hugundulika, kwa sababu anayefuta namba hufuta pamoja nayo kumbukumbu za majaribio ambayo gari hujifanyia. Programu ya simu itakuonyesha kwamba majaribio mengi hayajakamilika, na mara nyingi itakuambia gari limetembea kilomita ngapi tangu lilipofutwa. Gari la miaka kumi na mitano ambalo historia yake imeanza jana lina jambo linaloficha.

La pili ni kununua kile kilichotajwa. Namba ikitaja oksijeni, tunanunua sensa ya oksijeni. Namba ikitaja kichujio cha moshi, tunanunua kichujio, au tunakitoa na kukiuza kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo ndani yake, na gari linabaki likitupumulia sumu. Njia hii ina sura ya uwajibikaji: kuna risiti, kuna kipuri kipya kinachong'aa, kuna fundi aliyechoka. Ufa chini ya mpira unabaki pale pale.

Sidai kwamba kila mtu awe fundi. Taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka tuli, maana yake mara nyingi silinda inakosa kuchoma kiasi cha kuharibu kichujio cha moshi; punguza mwendo na utafute msaada. Taa nyekundu ya oili au ya joto haingoji simu wala programu. Simama mahali salama, zima injini. Harufu ya petroli, mifuko ya hewa ya usalama na nyaya za rangi ya machungwa za magari ya haibridi ni mambo ya waliofunzwa na wenye vifaa. Kusoma namba hakumwondoi fundi. Kunaleta mazungumzo mapya kati ya fundi na mwenye gari, ambapo mmoja hawezi tena kusema “zitakuchanganya tu”, na mwingine hawezi tena kudai kwamba kazi ya akili haina malipo kwa sababu hakuna kipuri kilichobadilishwa.

Ndugu msomaji, huenda umekwisha kuona ninakoelekea. Ibara ya 143 ya Katiba yetu imempa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wajibu wa kukagua hesabu angalau mara moja kila mwaka na kumkabidhi Rais ripoti, na Rais huagiza ripoti hizo ziwasilishwe Bungeni. Ni taa tuliyojiwekea wenyewe kwa sheria. Na tabia zetu mbele yake ni zile zile za mbele ya dashibodi.

Wapo wanaotamani kuifunika. Mwaka 2019 taifa lilishuhudia mvutano kati ya Bunge na mkaguzi mkuu wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, uliotokana na neno moja alilolitumia, “udhaifu”, na mwezi Aprili mwaka huo Bunge lilipitisha azimio la kutofanya naye kazi. Kila mtu ana haki ya maoni yake kuhusu neno lile. Ninachokikumbuka mimi ni kwamba kwa miezi kadhaa tulijadili sauti ya taa kuliko tulivyojadili injini.

Na wapo, tena ni wengi zaidi, wanaonunua kile kilichotajwa. Ripoti inapotoka, magazeti hupanga orodha ya hati zinazoridhisha na hati zenye shaka. Halmashauri fulani inatajwa. Mkurugenzi anahamishwa, mhasibu anasimamishwa, picha zinapigwa. Pengine walistahili. Lakini mwaka unaofuata halmashauri ile ile inatajwa tena ikiwa na mkurugenzi mwingine, na hatuulizi ile sensa ya kwanza ilikuwa ikinusa nini. Ni wachache wanaofungua ripoti yenyewe, ingawa zimewekwa kwenye tovuti ya ofisi ya ukaguzi, ili waone picha ya tukio: fedha zilichelewa mwezi gani, nani aliidhinisha, mkataba ulisainiwa kabla au baada ya kazi kuanza, kasoro huonekana wakati mradi umesimama au unapokwenda mbio. Ufa wa halmashauri nao huwa chini, kwenye kona, na bei ya kuuziba mara nyingi ni ndogo kuliko ya sherehe za kuwajibishana.

Kwa wanafunzi wangu wanaosoma hapa, nasema hivi: ripoti ni mahali pa kuanzia uchunguzi. Anayeinukuu kama hukumu anamtendea mkaguzi kama yule kijana wa gereji alivyoitendea mashine yake. Kwa watumishi wa umma: mwananchi akiuliza namba, mpe namba. Akichanganyikiwa, mweleze; hiyo ni sehemu ya kazi anayokulipa. Kwa wanaharakati: msidai tu kwamba taa zisizimwe. Daini tundu la aina moja na lugha ya aina moja, yaani takwimu za vijiji, za shule na za zahanati zitolewe kwa muundo ambao kijana mwenye simu anaweza kuusoma bila kupitia kwa wakala.

Na lipo suala la kabati lenye kufuli. Naliona kubwa kuliko yote. Miaka mitatu ya mpwa wangu ilipotea mbele ya mlango wa kabati lile. Nchi hii ina maelfu ya vijana wanaoshika tochi ili wengine waone. Wamo magereji, wamo maofisini, na katika vyuo vyetu wamo wanaokusanya takwimu vijijini kwa ajili ya tafiti ambazo hawaonyeshwi matokeo yake. Tunalalamika kwamba hawana ujuzi. Ujuzi upo kabatini, na wenye funguo wanaogopa kwamba akijua mwingine, wao watapungukiwa.

Siku hizi mpwa wangu ana meza yake chini ya mwembe, pembeni ya barabara ya mtaa wetu. Bado hajawa na jeki ya maana wala paa. Ana kifaa kile, seti ya spana na daftari la kurasa mia mbili. Kila gari linalokuja anaandika mstari mmoja: namba iliyosomwa, asilimia injini ikiwa imetulia, asilimia injini ikienda mbio, kilichokutwa na kilichofanyika. Kisha anachana karatasi nyingine, anayanakili yote hayo, anampa mwenye gari aondoke nayo. Ana saidia fundi mmoja, binti wa jirani aliyemaliza kidato cha nne. Juzi nilipita pale nikamkuta binti yule amekalia kiti cha dereva, simu mkononi, akisoma kwa sauti. Mpwa wangu alikuwa ameinama juu ya injini, akimshikia tochi.